Asili ya neno 'next' na kwa nini 'next of kin' si mrithi

FOMU nyingi humu nchini, iwe ya hospitali, ya shule au ya kazi, huwa na nafasi ya kujaza 'next of kin'. Wengi huelewa kuwa ni mrithi. Nimewahi kusikia ndugu wakivutana matangani, mmoja akishikilia eti jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu ya hospitali ya marehemu. Hoja hiyo haina mashiko kiisimu wala kisheria. Nianze na isimu, maana ndiyo kazi yangu.

Leo tunalijua 'next' kama 'anayefuata'. Karani akiita "Next!", foleni inasonga. Kihistoria, hata hivyo, hiki ni kivumishi cha daraja la juu kabisa. Katika Kiingereza cha Kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, 'neah' lilimaanisha karibu, 'nearra' karibu zaidi, na 'niehsta' karibu kuliko vyote. Hilo la tatu ndilo 'next'. La kwanza likawa 'nigh', ambalo siku hizi halisikiki sana nje ya mashairi na vitabu vya dini. Na la pili? Ndilo 'near'! Yaani 'near' lenyewe lilikuwa tayari na 'zaidi' tumboni mwake. Waingereza wakasahau, wakalibandika viambishi upya, tukapata 'nearer' na 'nearest'. 'Nearest' likachukua kazi ya umbali, 'next' likabakia na ya mfuatano. Hata 'neighbour' ni wa ukoo huo: 'neah' na 'gebur', mkaazi wa karibu.

Lugha ya sheria haiachi msamiati wake upesi. Ndiyo maana 'next of kin' imehifadhi maana ile ya kale: jamaa aliye karibu kuliko wote. Kiswahili hakina kiambishi cha daraja hilo, nasi husema 'kuliko wote' au 'kabisa'. Ila tuna neno zuri tunaloliacha kamusini, 'akraba', yaani jamaa, lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na 'karibu'. Kwangu mimi, 'akraba wa karibu kabisa' ingetosha kwenye fomu zetu.

Basi anayeandikwa pale ni wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Kuhusu mali, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 hutazama wosia kwanza. Usipokuwepo, hutazama mke au mume na watoto. Waislamu nao wana sheria yao ya mirathi. Fomu ya hospitali haimo kokote.