CD4 mia mbili: namba iliyowasubirisha wagonjwa Njombe

Simulizi ya Ukimwi mkoani Njombe huanzia Makambako, pale barabara ya Songea inapochepuka kutoka barabara kuu iendayo Zambia, karibu na stesheni ya TAZARA. Hutajwa madereva wa malori, wapasua mbao na vibarua wa chai. Maelezo hayo yanatuonyesha virusi vilipitia wapi. Hayatuambii kwa nini waliokwisha kupimwa na kujulikana waliendelea kudhoofika. Hapo sehemu ya jibu imo kwenye namba moja: 200.

Seli za CD4 ni askari wa kinga; asili yao ni kwenye uloto wa mifupa, nao hukomazwa katika tezi ya thaimasi iliyo kifuani. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo takriban 500 hadi 1,500 katika milimita moja ya ujazo ya damu. VVU huziangamiza, na kwa kuwa tezi hiyo husinyaa kadiri umri unavyosogea, pengo halizibiki upesi. Hata hivyo, ARV za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, asiye na dalili kali alitakiwa kungoja CD4 zishuke chini ya 200. Mwenye 260 aliondoka kliniki bila dawa, angoje kinga ibomoke ndipo ijengwe.

Watetezi wa utaratibu huo watasema dawa zilikuwa chache, tena kali: stavudine iliwaachia wengi ganzi na maumivu ya miguu. Kwa wakati ule hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini dawa bora zilikuja, na mwaka 2015 utafiti wa START, uliohusisha watu 4,685 wakiwemo wa Uganda, ulionyesha kuwa walioanza dawa CD4 zikiwa bado juu ya 500 walipunguza hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2016 Tanzania ikaondoa kigezo cha CD4 cha kuanzia dawa.

Mwingine atauliza: mbona utafiti wa 2022-23 bado uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7, ya juu kuliko mikoa yote? Kiwango hicho huhesabu walio hai, na dawa huwaweka watu hai. Peke yake hakiwezi kuwa ushahidi kwamba tiba imeshindwa. Leo CD4 hupimwa ili kumtambua anayehitaji kinga ya ziada dhidi ya magonjwa nyemelezi. Hakuna tena anayenyimwa ARV kwa sababu yake.