Taa za Ndagala kutoka Kabezi hadi Rumonge

Anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika huoneshwa kwanza jiwe la Mugere, kilomita 12 hivi kusini mwa jiji, kabla hajafika mbali katika pwani ya Kabezi. Limechongwa majina ya Livingstone na Stanley, waliopumzika hapo kuanzia tarehe 25 hadi 27 Novemba 1871, wakiwa katika safari ya mtumbwi iliyoanzia Ujiji. Jiwe hilo limesifiwa kupita kiasi. Wageni wawili walilala, wakaondoka. Historia iliyowalisha wenyeji wa pwani hii imo majini, na huonekana usiku: ni historia ya mwanga wa kuvulia ndagala.

Ndagala ndiye dagaa wa watu wa Kigoma, samaki mwembamba wa rangi ya fedha ambaye kwa kawaida hazidi sentimita 10. Mchana huzama kwenye giza la chini kuwakwepa wanaomwinda, mukeke akiwa mmoja wao. Usiku hupanda juu kuvifuata viumbe vidogo anavyokula. Akikutana na mwanga, huuzunguka kwa makundi makubwa. Wavuvi wa kale walilijua hilo. Waliwasha moto wa kuni kwenye omo ya mtumbwi, kisha mmoja akachota samaki kwa lusenga, wavu mpana uliofungwa kwenye mpini mrefu. Moto wa namna hiyo haumuliki mbali, tena upepo ukivuma au mvua ikinyesha kazi imekwisha.

Mabadiliko makubwa yalianzia mbali sana na Tanganyika. Mwaka 1885, mkemia Carl Auer von Welsbach wa Austria alipata hataza ya kifuko cha kitambaa kilicholoweshwa chumvi za madini. Kitambaa huungua, yakabaki majivu magumu ambayo moto ukiyapasha hutoa nuru nyeupe. Kiwanda cha Max Graetz huko Berlin kikaunganisha kifuko cha aina hiyo na tangi la mafuta ya taa linalopigwa pampu. Ndiyo Petromax, karabai iliyoenea duniani kote na kumulika harusi, maduka na mikesha ya Afrika Mashariki.

Katika miaka ya 1950 karabai zilitamalaki upande wa Burundi, na hapo uvuvi ukagawanyika. Wagiriki wa Usumbura, jina la Bujumbura wakati huo, walileta meli za chuma zenye nyavu za kuzungushia, zikisindikizwa na mashua ndogo za taa. Wavuvi wadogo nao waliunganisha mitumbwi miwili kwa miti, wakateremsha wavu katikati yake, wakaning'iniza karabai juu ya maji na kungoja. Samaki wakijaa, wavu huvutwa juu. Uvuvi ukahamia kwenye maji marefu, lakini ulihitaji mtaji: mwenye chombo, wavu na taa hukata kwanza gharama za usiku, kinachobaki ndicho wanachogawana naye wapiga kasia. Baadaye meli za Wagiriki zilififia, na mitumbwi iliyounganishwa ikabaki.

Mwezi ukiwa mpevu, taa hushindwa. Nuru ya mbalamwezi huenea ziwa zima, samaki hawana sababu ya kuifuata taa moja, na vyombo vingi hukaa ufukoni karibu wiki nzima. Nyavu hushonwa siku hizo, na madeni ya dukani huongezeka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 vilikatiza maisha hayo. Mwezi Septemba 1999, serikali iliwakusanya kwa nguvu zaidi ya watu 300,000 wa Bujumbura Vijijini katika makambi. Mkulima alitenganishwa na shamba lake, na mvuvi akatenganishwa na ziwa.

Siku hizi taa za LED zinazotumia betri, nyingine zikichajiwa kwa jua, zinachukua nafasi ya karabai. Zinamwondolea mvuvi gharama ya mafuta ya taa. Lakini injini ya mashua bado inakunywa petroli, na petroli imekuwa adimu mno Burundi katika miaka ya karibuni.

Taa bora haziwaongezi samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionesha kwamba joto la ziwa limepanda, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, na rutuba ya kilindini haifiki juu inakohitajika. Mwaka huohuo Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Ndagala hajui mpaka, hivyo mapumziko kama hayo yana nguvu kamili pale tu taa zinapozimwa pande zote nne. Lakini miezi mitatu bila uvuvi ni miezi mitatu bila kipato kwa wapiga kasia na kwa wanawake wanaonunua ndagala alfajiri, kuwaanika na kuwauza sokoni Rumonge. Serikali inayowaamuru wapumzike inapaswa kupanga, kabla ya tarehe ya kufunga ziwa, watakula nini.