Karanga, Reli na Kinywe: Funzo la Nachingwea

Fedha nyingi peke yake haziinui mkoa, na Nachingwea, mkoani Lindi, ni ushahidi wa zamani wa jambo hilo. Mwaka 1947 Uingereza, iliyopungukiwa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianza mradi wa karanga Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ikilenga ekari zaidi ya milioni 3. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, na bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara. Januari 1951 mradi ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Reli, iliyokosa mzigo, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa.

Wapo wanaosema kilichoua mradi ni ukame na udongo mgumu. Ni kweli vilichangia, lakini mkulima wa maeneo yale aliijua mvua yake na ardhi yake, naye hakuulizwa. Matrekta nayo yaliharibika kwa sababu madereva walifundishwa harakaharaka na mafundi walikuwa wachache. Wengine watasema bandari ya Mtwara ilibaki, kwa hiyo fedha hazikupotea zote. Nakubali, na hoja hiyo inaniunga mkono: bandari ilidumu kwa kuwa ilipata kazi nyingine, hasa kusafirisha korosho za wakulima wadogo, zao ambalo halikuwa kwenye hesabu za wakubwa wa mradi. Leo korosho za Ruangwa na Nachingwea huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) na chama chao kikuu, RUNALI, na mjadala wa wakulima ni bei na malipo, maana mali ni yao.

Sasa mtaji wa kigeni umerudi, safari hii katika wilaya jirani ya Ruangwa, kutafuta kinywe, madini yanayotumika katika betri. Mtaji huo tunauhitaji, kwani halmashauri haiwezi kuchimba mgodi kwa makusanyo yake. Lakini mgodi una mwisho, na ujuzi wa fundi hauna. Kwa hiyo kodi na tozo za madini zitangulie kwenye karakana za vyuo vya ufundi na barabara za vijijini, na mikataba itaje idadi ya vijana wa wilaya watakaofunzwa na kuajiriwa. Madiwani na wananchi wadai hayo sasa, kabla kinywe hakijaisha.