Motokaa na Hati Zake Katika Njia ya Moshi na Taveta

Njia itokayo Moshi kwenda Taveta hupita Himo, kisha hushuka Holili mpakani, na urefu wake haufiki kilomita 50. Motokaa ya mbio huimaliza kwa muda wa mazungumzo mafupi. Lakini habari za motokaa za kigeni katika njia hiyo si habari za mwendo, ni habari za hati. Na hati hizo ziligusa hasa wakazi wa mlima ambao kahawa yao iliiletea nchi fedha za kigeni, nao wenyewe wasiweze kuagiza hata pikipiki kwa fedha hizo bila ruhusa.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1886 ulipungua ukali wake baada ya Vita Kuu ya kwanza, na kufikia mwaka 1927 Tanganyika, Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganishwa katika forodha moja. Gari lililoshushwa Mombasa na kulipiwa ushuru huko liliweza kupanda hadi Marangu pasipo kutozwa tena. Ndiyo maana mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 yaliweza kuzifanya nchi tatu kuwa uwanja mmoja. Katika mashindano hayo Datsun 240Z, motokaa ndogo ya Kijapani yenye milango miwili, ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mtu wa Moshi aliyeitamani motokaa ya namna hiyo alikuwa na haki ya kuitamani. Kuipata kulikuwa jambo jingine.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Motokaa halikuitaja katika masharti hayo, ingawa watu walikwisha kuwabandika wakubwa jina la Wabenzi. Kizuizi chenyewe kilikaa kwingine. Aliyetaka kuleta kitu kutoka ng'ambo sharti apate leseni, na leseni haikuwa na maana bila fedha za kigeni kutoka Benki Kuu. Tangu mwaka 1974 uagizaji wa magari ulitiwa chini ya shirika la umma, State Motor Corporation. Fedha zilipokuwa haba, malori, matrekta na dawa vilitangulia, na ni vigumu kusema kwamba havikustahili kutangulia. Hata hivyo mkulima wa Kibosho alilipwa shilingi, na dola za kahawa yake ziligawanywa mbali naye. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa, na KNCU, chama cha wakulima kilichoanzishwa mwaka 1933, kikavunjwa pamoja navyo. Mkulima akakosa hata baraza la kuulizia.

Februari 1977 mpaka ulifungwa. Magari ya Kenya yaliyokuwa yakiwatembeza watalii upande wa Tanzania yalizuiwa, na forodha ya pamoja ikafa pamoja na Jumuiya. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala akiba iliyosalia. Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983, ukafunguka juu ya maduka matupu.

Mwezi Juni 1984 serikali ililegeza kamba. Katika bajeti ya mwaka huo, Waziri wa Fedha akiwa Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga katika mkoa huo huo wa Kilimanjaro, mwenye fedha zake nje aliruhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha hizo, wala asiulizwe alizipataje. Mwaka uliotangulia walanguzi walikuwa wakikamatwa nchi nzima. Sasa swali la asili ya fedha likanyamazishwa. Aliyefaidika kwanza si mkulima mtiifu aliyeuza kahawa yake yote kwa mamlaka, bali aliyekuwa na chochote ng'ambo.

Sheria ya fedha za kigeni ya mwaka 1992 iliondoa vikwazo vingi vilivyobaki, na kizuizi kikahamia kwenye kodi. Forodha mpya ya Afrika Mashariki, iliyoanza Januari 2005, iliweka ushuru wa asilimia 25 juu ya motokaa itokayo nje ya Jumuiya. Tanzania ikaongeza ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya ukubwa wa injini, na nyongeza nyingine kwa gari kuukuu. Nyongeza hiyo ilikusudiwa kuzuia vyuma chakavu. Lakini sheria huhesabu miaka, haipimi thamani ya uhaba: 240Z ya mwaka 1971 na gari bovu la miaka hiyo husimama katika safu moja.

Mashindano ya motokaa za kale yalianza Afrika Mashariki mwaka 2003, na kwa miaka kadhaa yakaingia Tanzania. Sheria ya forodha ya Jumuiya ina mlango kwa magari ya namna hiyo: huingia kwa matumizi ya muda pasipo kulipa ushuru, kwa sharti kwamba yatoke katika muda uliowekwa.