Barua ya Daktari Noble

Robert Tanner Freeman alikuwa ameshakataliwa na vyuo viwili vya udaktari wa meno kabla Harvard haijamchukua mwaka wa 1867. Kosa lake lilikuwa rangi. Alizaliwa Washington mwaka wa 1846, wazazi wake wakiwa wamewahi kuwa watumwa. Tangu ujanani alifanya kazi kwa daktari wa meno Mzungu, Henry Bliss Noble, akajifunza kwa kutazama na kushika, vile fundi wa Gikomba anavyomfunza kijana wake. Noble ndiye aliyemhimiza aende chuo. Milango ilipofungwa, ndiye aliyemsemea kwa watu aliowajua Harvard, na mkuu wa kitivo cha meno, Nathan Cooley Keep, akakubali. Mwaka wa 1869 Freeman akahitimu katika kundi la kwanza la kitivo hicho, watu 6 tu, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata digrii ya udaktari wa meno.

Kinachonivuta hapa ni Noble. Bila yeye, mikono ileile ya Freeman ingebaki Washington, hodari vilevile, na hakuna ambaye angejua.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, mambo ya karo. Sasa naandika makala, na zikikosekana, nanyoosha maombi ya wenzangu wanaotaka kusoma ng'ambo. Mmoja wao, dada fulani mwenye digrii ya baiolojia, anataka udaktari wa meno Marekani. Vyuo vingi huko vinataka barua za wahadhiri wa sayansi, na mara nyingi moja ya daktari wa meno. Hapa kwetu nani amezoea hayo? Unafanya KCSE, alama zinaenda KUCCPS, mashine inakupanga. Hakuna anayeulizwa kama anakujua. Halafu ghafla unatakiwa umtafute mtu aliyekufunza katika ukumbi wa watu mia mbili, naye anakwambia, "Andika mwenyewe, uniletee nisaini." Hapo ndipo mimi hupigiwa simu.

Barua kama hiyo mimi siandiki. Si utakatifu, ni vile inasomeka kama tangazo la sabuni: mwerevu, mwenye bidii, mwadilifu. Nilimwambia dada huyu ampelekee mhadhiri ukurasa mmoja wa alichofanya maabara, jaribio gani liliharibika na alilirekebisha vipi, ili mzee wa watu awe na kitu cha kukumbuka. Barua ya daktari hainipi wasiwasi. Amekaa kliniki yake Jumamosi nyingi, akisafisha vifaa na kuwatuliza watoto. Huyo amemwona.

Lucy Hobbs naye alipita njia nyingine. Mwaka wa 1861 chuo cha meno cha Ohio, mjini Cincinnati, kilimkataa kwa kuwa mwanamke. Akafunzwa kando, akafungua kliniki, akang'oa meno ya watu huko Iowa hadi madaktari wa jimbo hilo wakamwingiza katika chama chao mwaka wa 1865. Novemba mwaka huohuo chuo kilekile kikamfungulia, na 1866 akawa mwanamke wa kwanza Marekani kupata digrii hiyo. Aliyemdhamini safari hii ni kundi zima lililoiona kazi yake.

Sisi nasi tulikuwa na karatasi ya kusemewa, ila iligeuzwa mnyororo. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka wa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita. Mwanamume Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mwajiri aliandika humo mshahara na tarehe za kazi, na asipotia sahihi ya kukuachilia, ukiondoka unasakwa. Harry Thuku alikipinga, akakamatwa Machi 1922. Babu wa mtu hasahau haraka maana ya riziki yake kukaa kwenye kalamu ya mwingine.

Marekani ilipitisha sheria mwaka wa 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kuona rekodi zake. Ndiyo maana fomu inamuuliza mwombaji kama anaiacha haki ya kuisoma barua iliyoandikwa juu yake. Dada yetu aliniuliza atie tiki wapi. Nilimjibu kwamba barua iliyofichwa huaminiwa zaidi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ya daktari ataiacha bila kuisoma. Ya mhadhiri bado anafikiria.