Hesabu ya Aliyetoa

Kabla mtambo wa chapa haujaenea katika pwani ya Mrima, mshairi wa Tanga au Pangani aliyekwisha tunga utenzi wake hakuwa na njia ya kuufikisha mbali kwa maandishi ila kuuazimisha mswada, ili mwenye kuutaka aketi na karatasi, wino na kalamu ya mwanzi, aunakili kwa hati za Kiarabu ubeti kwa ubeti, kisha amrudishie mwenyewe amana yake. Na nakala ile mpya nayo ikaazimwa na jirani, na jirani akamwazimisha mgeni, hata kazi iliyotoka nyumba moja ikawa imo katika nyumba nyingi.

Wazee walijua kwamba kalamu huteleza, wakaweka hifadhi ndani ya kazi yenyewe. Ubeti mmoja mara nyingi uliandikwa kwa mstari mmoja, vipande vyake vinne vikatengwa kwa alama ndogo, hivi kwamba kuhesabu mistari kulikuwa ni kuhesabu beti. Na katika khatima ya tenzi nyingi mtunzi alitaja jina lake, tarehe ya Hijra na jumla ya beti alizotunga. Mnakili aliyefika mwisho akaona hesabu yake imepungua alitambua kwamba ameruka mahali, akarudi nyuma akatafuta.

Lakini hesabu ya pili haikuwa na mahali pa kukaa, nayo ni ya nakala zilizotolewa. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alitunga utenzi wa vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, vya 1888 na 1889, ukapigwa chapa 1955 kwa juhudi za mtaalamu wa Kiswahili J.W.T. Allen, wala ndani ya utenzi hamna ubeti uwezao kutuambia umepita mikononi mwa watu wangapi. Allen huyo huyo alikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Baadhi ya miswada iliyodhaniwa kuwa imepotea ilikuwa salama masandukuni, katika nyumba ambako hapakuwa na mtu aliyebisha hodi kuuliza.

Ada ile ya kupokea na kugawa ilizaliwa upya mwaka 2001, Bram Cohen wa Marekani alipobuni BitTorrent, ambayo hukata faili vipande vipande, kila kipande kikawa na alama ya kukihakiki, na anayepokea akawa ndiye mgawaji kwa wenziwe. Kijana wa Tanga atumiaye Linux huweza kugawa faili kwa miezi kwa programu ya BitTorrent iitwayo Transmission, kisha siku moja akakuta jumla ya alivyotoa imerudi sifuri, hali faili zake ni nzima. Sababu ni ile ile ya zamani: alama za uhakiki husafiri pamoja na kazi, bali hesabu ya utoaji hukaa kwa mtoaji, katika faili dogo liitwalo stats.json, ndani ya folda iliyofichika ya .config. Ikiwa jana aliifungua programu kwa dirisha lake, na leo anaiendesha kama huduma ya nyuma kwa jina la mtumiaji mwingine, huduma hiyo ina makao yake na daftari jipya. Hesabu ya kale ingali katika makao ya kwanza. Basi asiharakishe kufuta kitu. Aifunge programu kwanza, kwa kuwa huandika hesabu yake inapofungwa, na ingeweza kulifunika daftari la kale. Alitafute faili lile, atoe nakala ya akiba, ndipo alihamishe hadi makao ya huduma na kumpa mtumiaji mpya ruhusa ya kuliandika.

Nawasihi walio na miswada ya wazee wao, na walio na faili za zama hizi, washike jambo moja. Ukitoa nakala, andika katika daftari umempa nani na tarehe gani, na daftari hilo nalo ulitolee nakala, ukaiweke katika nyumba ya pili.