Wati Kwanza, Bei Baadaye

Anayetaka kuiongezea kadi ya grafiki kompyuta yake kuukuu ya mezani, awe Butembo, Beni au Kasugho, mashariki mwa Kongo, huanza kwa kuuliza bei. Afadhali aanze kwa kuuliza wati, na sababu imo katika historia ya eneo hili. Butembo ilikua kwa mikono ya wafanyabiashara Wanande waliofuata bidhaa Dubai, kisha Guangzhou, wakaziingiza kupitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi. Biashara hiyo ilitangulia umeme kwa miongo mingi. Kompyuta zilifika madukani kabla ya nyaya, zikaendeshwa kwa jenereta, na bei ya mafuta ikaingia katika kila karatasi iliyochapishwa. Hata kituo kidogo cha Mutwanga, wilayani Beni, kilianza kuzalisha umeme mwaka 2013 tu. Huko Kasugho, ambako elimu ya juu ya uhifadhi wa mazingira ilianza 2003 karibu na hifadhi ya gorila ya Tayna, wanafunzi walihitaji kompyuta za kuchorea ramani za msitu mahali ambapo kila wati ilipaswa kuhesabiwa.

Kompyuta zenyewe nazo zina historia. Nyingi za okazioni, yaani zilizokwisha kutumika, zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi ya ng'ambo, ambayo hayakuhitaji picha nzito. Tazama ndani ya Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, ile nyembamba: pawasaplai yake ni ya wati 240 kwa mashine nzima, umbo lake si la kawaida, na hakuna waya wa ziada wa kulisha kadi. Kinachobaki ni tundu la PCI Express, ambalo kwa kanuni zake linaweza kutoa hadi wati 75. Kwa mashine kama hii, kadi inayofaa ni ile inayotosheka na umeme wa tundu peke yake, na iwe fupi ya kuenea kwenye kasha. GTX 750 Ti ya Februari 2014 ilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana: wati 60 tu, na bado ilimudu michezo na uhariri wa video za harusi. GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019 ziliifuata njia hiyo kwa wati 75, ingawa baadhi ya 1650 zina soketi ya waya wa ziada. Kadi igeuzwe ikaguliwe kabla ya kulipa.

Mwenye kupinga atasema kwamba RX 580 ina nguvu zaidi na imeshuka bei. Ni kweli, na sababu inajulikana: Septemba 2022 mtandao wa sarafu ya kidijitali ya Ethereum uliacha kuhitaji kadi za grafiki, wachimbaji wa sarafu hiyo wakazimwaga sokoni. Lakini kadi hiyo hula wati 185. Ukiinunua, itakubidi utafute pawasaplai nyingine, na mara nyingi kasha jingine, hadi nafuu yote iishe. Mwingine atasema umeme sasa upo. Upo, ila kuzalishwa si sawa na kumfikia mtu nyumbani. Kituo cha Luviro, katika wilaya ya Lubero ilimo Kasugho, kina uwezo wa megawati 14.6, na mwaka 2020 kilianza kulisha mashine za kuchimba bitcoin kwa sababu kulikuwa na umeme ambao bado haukuwa na nyaya za kuupeleka kwa wateja. Anayetegemea paneli za jua na betri hajaondoka kwenye hesabu ya zamani.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya umri. NVIDIA, mtengenezaji wa chipu za kadi za GTX, imekwisha kuacha kuziboresha 750 Ti na 1050 Ti kwa programu mpya, na kwa sababu hiyo mwenye uwezo wa kuongeza fedha kidogo namshauri achukue 1650. Asiye nazo hutazama GT 1030 isiyozidi wati 30, na hapo kuna mtego unaoniudhi kweli: jina moja limewekwa kwenye kadi mbili. Ya 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Ya 2018 ina DDR4, na haifikii hata 17. Mnunuzi aulize herufi hizo kabla ya kutoa fedha, na muuzaji akishindwa kujibu, kadi iwashwe dukani na programu ya bure ya GPU-Z isome aina ya kumbukumbu.